Kipimo cha kuotesha: maabara inajuaje dawa ipi itafanya kazi?

Kwenye maduka ya dawa, Kampala hata Arua, si ajabu kumsikia mteja akisema, "Mama, hiyo amoksilini mwili wangu umeshaizoea, nipe kali zaidi." Kauli hiyo ina kosa dogo lenye gharama kubwa. Mwili hauzoei antibiotiki. Anayeizoea ni bakteria, na ndiye anayepimwa maabara.

Antibiotiki huua bakteria au huwazuia wasizaane. Inaweza kufanya hivyo bila kumdhuru sana mgonjwa kwa sababu bakteria ana vitu ambavyo seli zetu hazina, au zinavyo kwa umbo tofauti. Penisilini, ile aliyoigundua Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, pamoja na jamaa zake ampisilini, amoksilini na seftriaksoni, huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Ukuta ukidhoofika, maji huingia naye hupasuka. Seli ya binadamu haina ukuta huo. Jentamisini, doksisaiklini na azithromaisini hulenga ribosomu, mahali bakteria anapotengenezea protini zake. Sipro huingilia vimeng'enya vinavyofungua DNA yake anapojigawa. Septrin humzuia asijitengenezee foleti, aina ya vitamini ambayo sisi tunaipata kwenye mboga za majani na maharage. Virusi vya mafua havina ukuta huo wala ribosomu, kwa hiyo kumeza amoksilini kwa mafua ni kupoteza shilingi zako.

Bakteria naye hujitetea. Wapo wanaotoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi, wapo wanaoisukuma dawa nje, na wapo waliobadilisha umbo la sehemu inayolengwa. Jeni za ujanja huu huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kumeza sipro maishani anaweza kuambukizwa bakteria sugu kwa sipro.

Tuchukue mkojo wa mama anayelalamika kuungua akikojoa. Mkojo unaotakiwa ni wa katikati, si wa mwanzo, kwenye kikopo kisicho na vijidudu, na kabla hajameza kidonge chochote. Dawa ikitangulia, bakteria wanaweza kukataa kuota ilhali bado wamo kwenye kibofu. Mtaalamu wa maabara huupaka mkojo kwenye sahani ya lishe iliyoganda na kuiacha usiku kucha kwenye joto la karibu na la mwili. Kesho yake kunakuwa na madoadoa, kila doa ni uzao wa bakteria mmoja. Huchukua machache, huyakoroga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na wa kichupa cha kulinganishia, yaani bakteria kama milioni 150 kwa kila mililita. Hupaka mchanganyiko huo sahani nyingine nzima, kisha hupanga juu yake vipande vya karatasi vya duara, upana milimita 6, kila kimoja na dawa yake. Baada ya saa 16 hadi 18 anashika rula.

Dawa hutoka kwenye karatasi na kusambaa, ikipungua kadiri inavyokwenda mbali. Bakteria anayeshindwa hata na dawa kidogo haoti hata mbali na karatasi, hivyo duara tupu linaloizunguka huwa kubwa. Aliye sugu huota mpaka ukingoni mwa karatasi.

Hapa wengi hupotoka: dawa yenye duara kubwa kuliko zote si lazima iwe bora. Kila dawa husambaa kwa namna yake na ina mpaka wake. Kwa E. koli, bakteria wa utumbo anayesababisha mara nyingi maambukizi ya mkojo, ampisilini ikitoa duara la milimita 18 inahesabiwa kuwa inafaa, maana mpaka wake ni 17. Seftriaksoni ikitoa 20 bado haijafika, kwa sababu yake ni 23. Kwa hiyo kwenye karatasi ya majibu soma herufi: S dawa inafaa, R bakteria ni sugu, I iko katikati, na huenda ikafaa kwa dozi kubwa zaidi au mahali inapojikusanya kwa wingi, kama kwenye mkojo.

Ipo njia nyingine, ya mirija yenye dawa inayoongezwa maradufu, 1, 2, 4, 8 na kuendelea, ili kupata kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kuota. Ina kazi nyingi zaidi, lakini hutoa namba yenyewe badala ya upana wa duara.

Yote haya huchukua siku mbili au tatu. Mgonjwa aliyezidiwa hasubirishwi. Daktari humwanzishia dawa kwa makadirio, kisha huibadilisha majibu yakidai hivyo.

Vipande vile vya karatasi navyo huharibika. Umeme ukikatika na friji ikapata joto, dawa iliyomo hufifia, duara hupungua, na bakteria wa kawaida huonekana sugu. Kwa hiyo maabara makini hupima pia E. koli maalumu ambaye upana wa maduara yake unajulikana tangu awali. Maduara hayo yakitoka nje ya kiwango, majibu ya wagonjwa hayatolewi. Kazi inarudiwa kwa vipande vipya.