Helitaki: kikosi cha zimamoto kinachofika kwa helikopta

Wengi wakisikia habari za kikosi cha helikopta cha kuzima moto wa nyika hudhani ni marubani wanaomwaga maji kutoka angani. Sivyo. Rubani ni mtu mmoja tu, na huko Marekani mara nyingi ameajiriwa na kampuni inayoikodishia serikali helikopta. Kikosi chenyewe, kiitwacho helitaki, ni askari wa zimamoto wa ardhini wanaopanda helikopta ili wauwahi moto ungali mdogo, mahali ambapo gari halifiki. Wakishatua, kazi yao ni shoka, jembe na msumeno wa mnyororo: kufyeka na kukwangua ukanda wa ardhi hadi ubaki udongo mtupu, moto ukose cha kuunguza.

Kwa sababu hiyo naamini anayetaka kuingia helitaki aanze kwa kuujua moto, helikopta itafuata. Vikosi vingi hupendelea mtu aliyekwisha kufanya kazi msimu mmoja au zaidi kwenye gari la zimamoto au kwenye kikosi cha zana za mkono.

Kwa ajira za serikali kuu ya Marekani, kama zile za Huduma ya Misitu, unatakiwa uwe raia na uwe umefikisha miaka 18. Nafasi za kudumu kwa kawaida zinataka uingie kabla ya kutimiza miaka 37. Utasoma kozi za msingi za kupambana na moto wa nyika na za tabia ya moto, kisha utafanya mtihani wa mzigo: kutembea kilomita 4.8 ukiwa na kilo 20 hivi mwilini, ndani ya dakika 45, bila kukimbia. Ukifaulu unapewa kadi nyekundu inayoonyesha kazi unazoruhusiwa kufanya, na kila mwaka unarudia mtihani na mafunzo ya usalama. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Vikosi vingi hutaka pia ukimbie kilomita 2.4 chini ya dakika 11, na mazoezi ya kila siku ni magumu kuliko mtihani wenyewe.

Baada ya hapo ndipo inapokuja kozi ya helikopta, S-271, pamoja na kitabu cha kazi ambacho wakaguzi hukisaini wanapokuona ukifanya kila jukumu mwenyewe. Hapo unajifunza kufunga mizigo kwenye nyavu za kuning'inizwa, kuandaa uwanja wa kutua, na kumwongoza rubani kwa redio na ishara za mikono. Unajifunza kuikaribia helikopta kutoka mbele, rubani akikuona na akikuruhusu, bila kushuka kutoka upande wa juu wa mteremko, maana huko mapanga ya helikopta yanayozunguka yanaweza kukupata kichwani. Mkiani hakukaribiwi kamwe.

Jambo linalowashangaza wageni ni uzito. Hewa ya joto na ya mwinuko mkubwa ni nyepesi, kwa hiyo helikopta iliyobeba watu wanne bila shida asubuhi bondeni inaweza kushindwa kuwabeba haohao saa nane mchana juu ya mlima. Kabla ya safari rubani hukokotoa uwezo wa chombo kwa mwinuko na joto la mahali hapo, na meneja wa helikopta hujumlisha uzito wa kila abiria pamoja na zana zake. Ukidanganya kilo zako unahatarisha maisha ya wote waliomo. Mara nyingine mtu huachwa chini, na anayefaa kikosi hiki hukubali bila kununa.

Hata nguo za ndani zina sheria: pamba au sufu, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kugandia ngozini. Juu yake huvaliwa nguo zisizoshika moto, glavu na buti za ngozi, na kofia ngumu ya ndegeni.

Vikosi vichache hushuka kwa kamba pasipo na pa kutua, na hao hupata mafunzo ya ziada. Jimbo la California nalo lina idara yake, CAL FIRE, yenye utaratibu wake wa ajira.

Maombi ya serikali kuu hupitia tovuti ya USAJOBS, na kazi nyingi za kiangazi hutangazwa msimu wa vuli na baridi. Usitume fomu ukakaa kimya. Mpigie simu msimamizi wa kikosi unachokitaka, umweleze umefanya kazi kwenye moto gani na una kozi zipi, kisha muulize anatafuta mtu wa namna gani mwaka huo.