Maana ya fondyu: jibini inayoyeyushwa na kuliwa katika chungu kimoja

Fondyu ni mlo wa Uswisi ambao jibini iliyokwaruzwa huyeyushwa taratibu ndani ya divai nyeupe, kisha huwekwa katikati ya meza juu ya moto mdogo, na kila mlaji huchovya kipande cha mkate kwa uma wake mrefu. Jina hilo limeenea hata kwa milo mingine, kama ule wa vipande vya nyama vinavyokaangwa mezani ndani ya mafuta ya moto, au wa matunda yanayochovywa katika chokoleti, lakini hapa naeleza ile ya jibini, ambayo ndiyo asili.

Kinachoitofautisha na jibini iliyoyeyushwa tu ni namna inavyoshikamana. Ukiyeyusha jibini peke yake jikoni, hujivuta ikawa donge la nyuzinyuzi, na mafuta yake huelea juu. Sababu ni kwamba protini ya jibini, yaani kaseini, imefungwa pamoja na kalsiamu. Asidi ya divai huinasa sehemu ya kalsiamu hiyo, protini zikalegea na kuyazunguka matone ya mafuta yasitengane na maji. Wanga wa mahindi huongeza uzito na kuzuia protini zisirudi kukamatana. Kwa hiyo divai yenye uchachu ndiyo inayofaa, na fondyu iliyoanza kugawanyika mara nyingi huokolewa kwa maji ya limau na wanga kidogo uliokorogwa katika divai, si kwa kuongeza moto.

Kila eneo lina mchanganyiko wake wa aina za jibini. Huko Uswisi, Fribourg huchanganya Gruyère na Vacherin Fribourgeois nusu kwa nusu, Neuchâtel hutumia Gruyère na Emmental, na upande wa Ufaransa, huko Savoie, hutumika Beaufort na Comté. Maelekezo ya kupika jibini kwa divai yaliandikwa Zürich tangu mwaka 1699, ingawa sifa ya kuwa mlo wa taifa ni ya karibuni zaidi: ilikuzwa katika miaka ya 1930 na chama cha kuuza jibini cha Uswisi, kilichohitaji wateja zaidi.

Kwa watu wanne, gramu 800 za jibini na mililita 350 za divai zinatosha. Paka ndani ya chungu kizito kitunguu saumu kilichokatwa, mimina divai uipashe moto hadi ianze kutoa mvuke, kisha tia jibini iliyochanganywa na vijiko vitatu vidogo vya wanga, konzi moja baada ya nyingine, ukingoja ya kwanza iyeyuke ndipo utie ya pili. Koroga kwa mwiko wa mbao ukifuata umbo la namba nane, ili mwiko upite katikati ya chungu na usiishie kuzunguka kingoni. Mwanzoni utaona divai upande mmoja na jibini upande mwingine, na wengi hukata tamaa hapo; endelea kukoroga kwa moto wa chini, na baada ya dakika chache vitaungana na kuwa uji laini unaong’aa. Usiuache uchemke sana. Maliza kwa pilipili manga, kungumanga na, kwa wanaotumia, kikombe kidogo cha pombe ya cheri iitwayo kirsch.

Mezani, kazi ya mwenyeji inagawanywa kwa wageni wote, na kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika mlo huu. Kila anayechovya hupitisha uma wake hadi chini ya chungu, kwa sababu jibini isiyokorogwa hushika na kuungua. Mkate uwe wa jana, na kila kipande kiwe na ganda upande mmoja ili uma ukamate. Wa leo ni laini mno na utazama. Chungu kimoja kinawatosha watu wanne hadi sita. Wakizidi, weka viwili. Jiko la spiriti lisijazwe kamwe likiwa linawaka, na wageni waambiwe kwamba uma wa kuchovyea ni moto, kwa hiyo mkate huvutwa kwa meno bila midomo kugusa chuma. Chini hubaki ukoko wa rangi ya dhahabu, ambao hubanduliwa na kugawiwa wote.

Kuna wageni wasiotumia kileo, na mwenyeji asidhani kwamba moto huondoa kileo chote, kwani sehemu yake hubaki. Badala ya divai, tumia maji ya tufaha yasiyotiwa sukari pamoja na kijiko kikubwa cha maji ya limau, kwa sababu kinachohitajika hapo ni asidi, na kirsch iachwe kabisa. Kinywaji cha kusindikizia kiwe chai ya rangi ya moto, ambayo Waswisi wenyewe huinywa na fondyu. Wengi husema kwamba divai husaidia kusaga jibini tumboni, lakini utafiti uliofanywa Zürich na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliokunywa divai na kirsch matumbo yao yalichelewa zaidi kumaliza chakula kuliko ya waliokunywa chai.