Leja Iliyomfunga Al Capone: Mkaguzi wa Hesabu Anaitazama The Untouchables

Kila nikiitazama The Untouchables, filamu ya Brian De Palma ya mwaka 1987, macho yangu hayabaki kwa Kevin Costner wala kwa Sean Connery, ingawa Connery aliistahili kabisa ile tuzo ya Oscar. Ninamfuata Oscar Wallace, yule mhasibu mwenye miwani aliyeigizwa na Charles Martin Smith. Ndiye anayefika Chicago kutoka Washington na kumweleza Eliot Ness, ofisa wa serikali anayepambana na pombe haramu, kwamba Al Capone, bosi wa genge linaloiuza, hajawasilisha ritani ya kodi (taarifa ya mapato yake) kwa miaka kadhaa. Wenzake wanawaza mapipa ya pombe, yeye anawaza karatasi. Kisha naye anapewa bunduki, anapelekwa mpakani mwa Kanada kupambana na wauza magendo, na muda si mrefu anauawa ndani ya lifti.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na kifo kile huniuma kila mara, kwa sababu kilichompeleka Capone gerezani ni kazi ya akina Wallace. Kazi hiyo ilikuwa na hofu, ujanja na usiku mrefu wa kutosha kujaza filamu nzima.

Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933. Kunywa kwenyewe hakukukatazwa. Kiu ikabaki palepale, muuzaji halali akaondolewa, magenge yakaingia. Ness halisi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Yeye na kikosi chake cha watu wapatao kumi walivamia viwanda vya bia vya Capone, wakibomoa milango kwa lori lililofungwa chuma mbele. Ilikuwa kazi ya hatari na ilimtia Capone hasara. Hata hati ya mashtaka iliandaliwa, yenye makosa 5,000 ya kuvunja sheria ya pombe. Haikufika kusikilizwa.

Iliyosikilizwa ni kesi ya kodi, na mlango wake ulifunguliwa mwaka 1927. Mfanya magendo ya pombe aitwaye Manley Sullivan alijitetea kwamba hawezi kutakiwa kujaza ritani ya mapato haramu, kwani angekuwa anajishtaki mwenyewe. Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia. Mapato ni mapato, yawe ya halali au ya haramu, na ritani ni lazima. Tangu siku hiyo serikali haikuhitaji tena kuthibitisha kwamba Capone aliuza hata chupa moja. Ilihitaji kuonyesha kwamba alipata fedha na hakuzitolea kodi.

Kulitamka hilo ni rahisi. Capone hakuwa na akaunti ya benki kwa jina lake, hakutia saini hundi, hakumiliki biashara kwa maandishi. Sisi hubandika dukani ule msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari. Capone aliishi kinyume chake: alitaka mali yake isiwe na habari, kwa hiyo akaikimbiza mbali na daftari.

Frank J. Wilson, mpelelezi wa kitengo cha upelelezi cha idara ya kodi ya serikali kuu, alianza na matumizi. Mtu asiye na kipato hawezi kuishi kitajiri mwaka hadi mwaka. Mahakamani walikuja kupanda wauza samani, wauza nguo, muuza nyama, na watu wa simu wenye bili za nyumba yake ya Florida. Kulikuwa na ushahidi wa mikanda yenye vifungo vya almasi, aliyonunua kwa wingi ili awagawie marafiki. Njia hii tunaitumia mpaka leo, lakini ina udhaifu: inaonyesha fedha zilizotoka, haionyeshi zilikoingilia.

Wilson alikaribia kukata tamaa. Usiku mmoja mwaka 1930, akipekua makabati ya vitu vilivyokamatwa katika misako ya zamani, aliangukia leja, yaani madaftari ya hesabu, za nyumba ya kamari iliyoitwa Hawthorne Smoke Shop, huko Cicero, kitongoji cha magharibi mwa Chicago. Zilikuwa zimelala hapo tangu msako wa 1926, hakuna aliyezifungua kwa makini. Ndani yake mlikuwa na faida ya zaidi ya nusu milioni ya dola katika muda usiofika miaka miwili, na mgawanyo wa faida hiyo kwa majina mafupi. Mojawapo lilikuwa “Al”.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana wengi hudhani leja ikishapatikana kesi imekwisha. Leja peke yake ni karatasi tu. Ni Al yupi? Nani aliandika, na aliagizwa na nani? Wakili mzuri ataitupa nje kabla ya chai ya saa nne. Leja humhitaji mtu wa kusimama mbele ya hakimu na kusema: mwandiko huu ni wangu, na fedha hizi nilimwandikia yule pale.

Wilson na wenzake wakaanza kukusanya miandiko, kuanzia kwenye orodha za wapiga kura hadi kwenye mabenki, mpaka karatasi ya kuwekea fedha katika benki ya Cicero ikalingana na leja. Mwandishi alikuwa keshia Leslie Shumway. Walimkuta Miami mwanzoni mwa 1931, akifanya kazi kwenye uwanja wa mbio za mbwa. Alikubali kusema, akafichwa mbali na Chicago. Keshia mwingine, Fred Ries, alipelekwa hadi Amerika Kusini ili aishi kufikia siku ya kesi.

Ndiyo maana tukio la ngazi za stesheni ya Union Station ninalipenda kuliko mahakama yote ya De Palma. Watu hulisifu kwa kile kigari cha mtoto kinachoshuka polepole, heshima ya wazi kwa ngazi za Odessa katika Battleship Potemkin, filamu ya Eisenstein ya 1925. Mimi huona kinachogombewa pale: mtunza vitabu mwoga aliyevaa kofia. Risasi zote zile ni kwa ajili ya mtu anayeweza kusoma leja kwa sauti. Mapigano yale hayakutokea, lakini De Palma na mwandishi wake David Mamet walijua shahidi yule ana uzito gani.

Mahakamani filamu inapotoka. Hakimu anabadilisha juri (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kesi ikiwa katikati, na wakili wa Capone anakiri kosa kwa niaba yake. Hakimu halisi, James Wilkerson, alibadilishana juri na mwenzake asubuhi ya kufungua kesi, tarehe 6 Oktoba 1931, baada ya Wilson kudokezewa kwamba watu wa Capone walikuwa na orodha ya majina ya wanajuri na fedha mkononi. Capone alikuwa amekiri miezi kadhaa kabla, akitegemea adhabu ndogo ya makubaliano. Hakimu alipokataa kufungwa na makubaliano hayo, Capone akaufuta ukiri wake. Tarehe 17 Oktoba alikutwa na hatia katika mashtaka matano, akafungwa miaka 11. Naye Frank Nitti, mtu wa Capone ambaye filamu inamrusha kutoka paani, alijiua mwaka 1943.

Na Wallace? Wilson, aliyeifanya kazi yake, aliishi na baadaye akaongoza Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani. Lakini tishio lilikuwepo. Wakati wa uchunguzi aliletewa habari kwamba wauaji wamekodiwa kummaliza. Akauaga uongozi wa hoteli alimokuwa akiishi na mkewe, akasema wanasafiri kwenda Kansas, wakaendesha gari hadi Union Station mbele ya macho ya watu. Kisha wakageuza, wakachukua chumba katika hoteli nyingine mjini, na Wilson akarudi kwenye leja zake.