Uhakiki wa mali za viongozi: afisa maadili hufanya kazi gani hasa?

Kila Desemba 31 inapokaribia, viongozi wa umma Tanzania hukumbushwa kujaza fomu ya tamko la rasilimali na madeni. Wengi wetu tunaishia hapo: kajaza, karudisha, basi. Kumbe kazi yenyewe huanza fomu ikishapokelewa, na jina lake ni uhakiki.

Kuhakiki ni kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo. Afisa wa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, awe Dodoma au katika ofisi ya kanda kama Mwanza au Mtwara, huichukua fomu hadi kwenye kiwanja chenyewe. Fomu inasema nyumba moja ya kupangisha. Je, ndani ya uzio zipo ngapi? Hati ina jina la nani? Likiwa la mke, la mume au la mtoto mdogo, bado ilipaswa kutamkwa. Ilijengwa lini, kwa fedha ipi? Kiongozi anaombwa mkataba wa mkopo, stakabadhi, hati ya mauziano. Ni maswali ya adabu kabisa, lakini anayeuliza anajua kupiga hesabu za mshahara.

Watu hushangaa madeni yanatamkwa ya nini. Ni kwa sababu nyumba inaonekana kwa macho, deni halionekani. Chukua mkurugenzi anayedaiwa mamilioni na mkandarasi, kisha anaingia kwenye kikao cha kujadili zabuni ya mkandarasi huyohuyo. Hapo tayari pana mgongano wa maslahi, hata kabla shilingi haijaibwa. Afisa akiliona hilo mapema, kiongozi akatangaza maslahi yake na kujitoa kikaoni, nchi imeokoka na hasara ambayo hakuna gazeti litakaloiandika. Binafsi naiheshimu kazi hii kwa sababu hiyo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi moja kwa moja kuwa na hisa katika kampuni, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991, na Sheria ya Maadili Na. 13 ya 1995 ikashika njia nyingine: kumiliki ruhusa, kuficha marufuku. Ndiyo maana uhakiki ukawa uti wa mgongo. Zamani ilitosha kujua kwamba nyumba ipo. Sasa lazima ijulikane imetoka wapi.

Afisa maadili hamfungi mtu. Lalamiko huchunguzwa, na likiwa na uzito hupelekwa Baraza la Maadili. Matokeo yanaweza kuwa onyo, kushushwa cheo, hata kufukuzwa. Rushwa ni ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Mwananchi naye ana mlango, ila mwembamba. Daftari la matamko haliko wazi kwa kila mpita njia. Kwanza uwe umewasilisha lalamiko kwa Kamishna wa Maadili, mkuu wa Sekretarieti. Naona wangeupanua. Afisa wa kanda anazunguka mikoa kadhaa na faili zake, wakati jirani wa kiongozi anakumbuka hata siku lori la kwanza la mchanga lilipomwaga mzigo kwenye nyumba ya tatu.