Je, wajua kwa nini ofisi ya zamani ya PC, yaani mkuu wa mkoa, wa Nairobi leo ni nyumba ya sanaa?

Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway kuna nyumba ya mawe, fupi, imesimama ubavuni mwa Nyayo House. Maelfu ya watu huipita kila siku wakikimbilia foleni ya pasipoti, na wengi hawaigeuzii hata jicho. Hiyo ndiyo Nairobi Gallery, iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ilijengwa mwaka 1913, na aliyeijenga hakuwa na habari na picha wala vinyago.

Ilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, na wakazi wa jiji wakaja kuizoea kama ofisi ya PC. Mtoto akizaliwa, aliandikishwa humo. Watu wakitaka kufunga ndoa ya serikali, walikwenda humo. Mtu akifariki, jina lake lilirudishwa humo humo. Wazungu wa enzi hizo waliitania kuwa ni nyumba ya kuanguliwa, kuoana na kusafirishwa. Isitoshe, ndiyo iliyokuwa sifuri ya Kenya: umbali wa kwenda pembe nyingine za nchi ulihesabiwa kuanzia hapo. (Anayeujua mji atauliza kuhusu ule mnara ulio karibu na Koinange Street, wenye umbali wa miji mbalimbali. Huo ni ukumbusho wa Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari, na watu wengi huchanganya hivyo viwili.)

Sasa, kazi zote hizo zilikwenda wapi?

Zilihamia mlango wa pili. Nyumba isiyo na ghorofa iliutosha mji mdogo wa reli, lakini Nairobi ilipofurika watu, serikali ilihitaji nafasi zaidi. Nyayo House, yenye ghorofa 27, ilikamilika mwaka 1983, na mkuu wa mkoa akahamia huko na shughuli zake. Baadaye hata cheo chenyewe kilikwisha, maana Katiba ya 2010 iliivunja mikoa na kuleta kaunti.

Jumba tupu kwenye kiwanja kama kile, Nairobi hii tunayoijua, kwa kawaida huishia kwenye meno ya tingatinga. Hili liliponea kwa sababu lilitangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa, na turathi haibomolewi wala kugeuzwa ovyo bila idhini. Ila sheria hulinda kuta tu. Nyumba isiyo na kazi huvuja paa, popo wakahamia, na mwishowe ikajiangukia yenyewe. Ilibidi ipatikane kazi ambayo haitadai ukuta hata mmoja uvunjwe.

Ingia ndani utaona kwa nini sanaa ilikubali. Katikati kuna ukumbi wa pembe nane wenye kuba juu yake, na vyumba vimeuzunguka. Mpango huo ulimfaa mwananchi aliyekuja na shida zake: asimame katikati, aelekezwe mlango wake. Leo unamfaa mtazamaji, ambaye huzunguka chumba baada ya chumba mpaka akajikuta alikoanzia. Kuta nene, madirisha ya kiasi, vyumba vidogo vinavyofungika. Kwa maoni yangu, ofisi ile ilikuwa tayari nusu makumbusho kabla msumari wa kwanza wa kutundikia picha haujapigwa.

Tangu mwaka 2013 humo mmewekwa sehemu ya hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyeiacha siasa mwaka 1966 akajitosa katika kukusanya sanaa ya Afrika, vitabu na stempu. Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iko Kenya National Archives, pale Moi Avenue ambapo nusu ya Nairobi hupeana miadi. Na hilo nalo ni jengo lililobadilisha kazi: zamani lilikuwa benki.

Lakini si kila nyumba kuukuu huangukia mikononi mwa wasanii. Ipandie Kenyatta Avenue mpaka kona ya Loita Street, utakuta Kipande House, iliyojengwa mwaka ule ule wa 1913. Huko ndiko wanaume Waafrika walikoandikishwa kupewa kipande: karatasi yenye jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kila mwanaume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho, na kuacha kazi bila mwajiri kuandika kwamba amekuruhusu ilikuwa kosa. Basi barabara moja ilikuwa na madaftari mawili, moja la kuandika ndoa na vizazi, jingine la kumfunga mtu kwa tajiri wake. Mwaka 1976 Kenya Commercial Bank ililinunua jengo hilo, na hadi leo ni tawi la benki, mnara wake ukiwa palepale. Benki nayo ilihitaji kuta imara na sehemu ya wateja kusubiri, mengine yalijipanga.

Aliyebaki na mzigo mzito ni jirani mrefu. Katika miaka ya 1980, vyumba vya chini ya Nyayo House vilitumiwa kuwatesa watu walioshukiwa kuipinga serikali, na vilifunguliwa umma ukavione mwaka 2003. Juu yake watu waliendelea kuomba pasipoti. Walionusurika wametaka vyumba hivyo navyo vifanywe makumbusho. Vikifanywa, ofisi iliyoirithi kazi ya PC wa zamani itakuwa imefuata njia ya nyumba ndogo iliyo ubavuni mwake, ingawa kitakachoonyeshwa humo hakitakuwa stempu.