Lugha Haikuanzia Kooni

Nimeambiwa tena jana, na aliyeniambia alikuwa na hakika kabisa: binadamu alianza kusema siku koromeo lake, yaani kiungo cha kooni kinachotoa sauti, liliposhuka shingoni, na Neandathali, yule binadamu wa kale aliyetoweka, hakuweza kwa kuwa lake lilikuwa juu. Hapana! Dhana hiyo ilivuma miaka ya 1970, ushahidi umeipinga mara nyingi, nayo haifi.

Weka vidole chini ya kidevu, pale shingo inapoanzia, umeze mate. Kinachopanda na kushuka ni koromeo, likiwa limening'inia kwenye hayoidi, kimfupa chembamba chenye umbo la U kisichoungana na mfupa mwingine wowote. Misuli na kano zikishaoza, hudondoka na kupotea, ndiyo maana tunazo chache mno. Ile ya Neandathali wa pango la Kebara, Israeli, iliyopatikana mwaka 1983, inafanana sana na yetu. Ya mtoto wa Dikika, Ethiopia, wa jamii ya kale iliyotangulia binadamu, wa miaka milioni 3.3 iliyopita, ni ya kisokwe. Basi koo lilibadilika hapo katikati. Kuhusu sarufi, hayoidi zote mbili zimenyamaza.

Na koromeo lenyewe? Dume la kulungu mwekundu huliteremsha hadi karibu na kifua anaponguruma, na lugha hana. Mwaka 2016 watafiti walimpiga tumbili makaka picha za eksirei akila na kulia, wakakokotoa sauti ambazo koo lake lingeweza kutoa: irabu za kutosha kuzungumzia zimo. Anachokosa ni ubongo wa kuliendesha koo hilo.

Kinachoniudhi hasa ni kuchanganya usemi na lugha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto viziwi wa Nikaragua walianza kukusanywa shuleni. Wakaunda wenyewe lugha ya alama, na wadogo waliowafuata wakaipa sarufi iliyokomaa zaidi kuliko ya waliowatangulia. Ni lugha kamili, tena ya mikono! Anayepima koo ili ajue lugha ilianza lini, amepima kitu kingine.

FOXP2 nayo, jeni inayohusishwa na usemi, si "jeni ya lugha" wala si yetu peke yetu. Neandathali walikuwa na mabadiliko yale yale mawili ya protini tuliyo nayo. Tuendelee.

Nami nina langu la kukiri. Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba mvulana wa Nariokotome, Kenya, binadamu wa kale ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, hakuweza kudhibiti pumzi za usemi, kwa sababu mfereji wa uti wake wa mgongo, unamopita mshipa mkuu wa neva, ni mwembamba kifuani. Baadaye pingili za mgongo za binadamu wa kale wa Dmanisi, Georgia, zikaonekana kuwa na mfereji wenye upana kama wetu, na wengine wakasema mgongo wa mvulana yule ulikuwa na kasoro. Nimeiondoa slaidi ile. Sasa mwanafunzi akiniuliza kama mvulana alisema, namuuliza kwanza anamaanisha sauti au sarufi, maana kuhusu sauti nina mifupa ya kumwonyesha, ingawa inabishaniwa. Kuhusu sarufi sina hata mmoja.