Sanamu Haipasuliwi na Hewa

Sanamu ya udongo ikilipuka motoni, kuanzia Tukuyu hadi Mafinga jibu ni lile lile: "Kulibaki hewa ndani." Hapana! Kilichoipasua ni maji. Na imani hii ina hasara, maana mtu anarudi kuupigapiga udongo kwa ngumi badala ya kuuacha ukauke.

Povu la hewa ndani ya udongo mkavu halidhuru. Hewa ikipata moto hutanuka kidogo na kupenya kwenye vitundu vya udongo. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600, na kwa mwinuko wa Mbeya mjini, karibu mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kuni zikiwa ndiyo kwanza zinashika. Ndiyo maana mlipuko huja mapema, tena penye unene: kiwiliwili, shingo, kitako.

Kwa hiyo komba ndani. Subiri udongo ugangamale lakini kidole gumba bado kiweze kuubonyeza, kata sanamu vipande viwili, ondoa nyama ya udongo kwa kijiko hadi ukuta ubaki sentimita 1 au 2, kwaruza kingo, paka uji wa udongo, unganisha. Toboa tundu chini, unyevu wa ndani upate pa kutokea.

Weupe wa juu usikudanganye. Weka shavu: ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka. Au pima kwa mizani kila asubuhi hadi uzito usimame siku 3. Kwenye ukungu wa Rungwe hata hilo halitoshi. Iache kando ya mafiga kwa muda wa saa 6 hadi 8, ukiigeuza, kwa joto ambalo mkono unalivumilia. Ndipo uchome.

Kukanyaga udongo, basi, si kufukuza hewa. Ni kusambaza unyevu sawasawa na kutafuta mawe, na hakuna chombo kinachoyaona mawe kama unyayo. Kanyaga peku, kwa kisigino, kutoka katikati kwenda pembeni, kunja, rudia. Kwenye mawe ya chokaa, kama upande wa Songwe, toa kila punje: itapita motoni salama, kisha siku chache baadaye inanyonya unyevu, inavimba na kubandua uso wa sanamu.

Eti udongo laini mtupu ndio bora? Kwa sanamu, ponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, debe 1 kwa madebe 4 ya udongo. Mchanganyiko huo husinyaa kidogo tu na mvuke hupata njia.

Ufa wa sanamu kavu nao hauzibwi kwa udongo mbichi. Kiraka kitasinyaa peke yake, kidondoke. Saga udongo mkavu ule ule, changanya na siki, shindilia.

Na wanaodai ukuta mwembamba unahitaji gurudumu la kufinyangia waende Matema, kando ya Ziwa Nyasa, wakashike vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe. Vyote vimefinyangwa kwa mikono.